Mkanda wa saa wa kitambaa: upi unafaa kwa joto la Tanga?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, na kila siku huendesha baiskeli kutoka Chumbageni hadi Mikanjuni. Mkanda wa ngozi wa saa yangu umeoza kwa jasho, unanuka, na chini yake nimetokwa na harara. Pale Ngamiani muuzaji amenionyesha mikanda mitatu ya kitambaa: wa turubai kwa shilingi 5,000, wa nailoni wa kipande kimoja kirefu kwa 6,000, na wa nailoni iliyosukwa kama ukili kwa 8,000. Yote inapendeza machoni. Je, ninunue upi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kwa mkono wenye harara, nunua huo uliosukwa, na hiyo 2,000 ya ziada usiionee uchungu.

Turubai ni pamba, na pamba hunywa maji kuliko nailoni. Mkanda wa turubai huwa laini tangu siku ya kwanza, ndiyo maana wengi huuchagua wakiwa bado dukani. Lakini ukishalowa jasho la asubuhi, katika hewa yetu ya pwani yenye unyevu hukaa na ubichi wake hadi adhuhuri, nawe umeufunga juu ya ngozi ile ile iliyokwisha kuchubuka. Kwa mtu anayekaa ofisini penye kipoza hewa ningeusifu. Kwako wewe, hapana.

Huo wa kipande kimoja asili yake ni jeshini. Mwaka 1973 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliweka kiwango cha mkanda wa nailoni wa rangi ya kijivu, wenye upana wa milimita 20, unaopita nyuma ya saa na kushikwa na pini zote mbili, vile vijiti vya chuma vinavyounganisha saa na mkanda, ili pini moja ikikatika saa ibaki mkononi. Faida hiyo ni ya kweli, hasa kwa mpanda baiskeli katika barabara ya mashimo. Kasoro yake ni kwamba kitambaa hupita kati ya saa na ngozi, kikainua saa na kuzuia hewa mahali pale pale panapotoka jasho jingi zaidi. Aina za bei rahisi pia huwa na kingo kavu zinazokwaruza. Kabla ya kulipa, pitisha kingo hizo taratibu upande wa ndani wa kifundo cha mkono, si kwenye kidole, kwa sababu ngozi ya kidole ni nene na itakudanganya.

Uliosukwa wauzaji wengine huuita Perlon, jina la aina ya nailoni iliyobuniwa Ujerumani na Paul Schlack mwaka 1938. Uinue uutazame kwenye mwanga: utaona vijitundu kati ya nyuzi. Hivyo ndivyo vinavyopitisha hewa na kuufanya ukauke upesi. Hauna matundu ya kufungia, maana ulimi wa bizimu hupenya popote kati ya nyuzi, kwa hiyo mchana mkono unapovimba kwa joto unaweza kuulegeza kidogo tu, kiasi unachotaka. Mimi hili nalithamini kuliko uzuri wowote wa rangi. Kagua ncha yake: iwe imeunguzwa kwa moto na kuwa ngumu, la sivyo itafumuka baada ya wiki chache.

Sasa bizimu, ambalo wanunuzi wengi hawaliangalii kabisa. Mkanda wangu wa kwanza wa nailoni, mweupe, ulikuwa mzima bila uzi uliokatika, lakini chini ya bizimu palikuwa na duara la kahawia la kutu ambalo hakuna sabuni iliyoliondoa, na ukingo wa chuma ulianza kunichana. Nenda na kipande cha sumaku kutoka spika mbovu. Kikinata sana kwenye bizimu, huenda hicho ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha, na chumvi ya jasho itakifikia haraka. Kisiponata, bizimu bado linaweza kuwa la shaba iliyopakwa, lakini hiyo huvumilia zaidi.

Pima kwanza nafasi kati ya masikio ya saa, yaani zile ncha zinazoshika pini, kwa rula ya shuleni. Ikiwa ni milimita 18, usikubali kubanishiwa wa 20, kwa sababu utajikunja pembeni na kukuchoma. Na kwa vile huo uliosukwa hauna kinga ya pini mbili, mwambie fundi akuwekee pini mpya. Zile za zamani zimeshakula jasho pamoja na ule mkanda wa ngozi.

Ukishaufunga, uoshe kila baada ya siku mbili kwa maji baridi na sabuni ya kipande, uusuuze vizuri chumvi itoke, kisha uuanike barazani kivulini, kwani jua kali hudhoofisha nailoni. Hadi harara ipone, vaa saa mkono wa pili.