Neno alilolisema mwanangu mbele ya muuza maji

Jumamosi moja asubuhi muuza maji alisimamisha mkokoteni wake mbele ya nyumba yetu Kisauni, Mombasa, akaanza kuingiza mitungi. Mtungi wa tatu ulimponyoka, maji yakatapakaa ukumbini mpaka mkekani. Mwanangu, wakati huo ana miaka tisa, aliruka kando akasema: "Mshenzi huyu, hata kubeba maji hajui."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayetaja jina la kitu. Mzee yule hakujibu. Alivua kitambaa alichojifunga kichwani, akapiga magoti, akawa anafuta sakafu na kukikamulia kwenye ndoo, anafuta na kukamua, huku hatutazami.

Pembeni alikuwa amekaa mamangu mzazi. Mamangu ni Mgiriama, mmoja wa Wamijikenda wa pwani, kama mzee yule.

Tangu siku ile nayasikiliza maneno yetu kwa sikio jingine. Mshenzi leo kwetu ni mtu asiye na adabu. Zamani lilikuwa jina la mtu wa bara na wa nyika, asiye wa mji, na huyo ndiye aliyeweza kukamatwa akauzwa bila mji kushtuka. Upande wa pili alisimama muungwana, yaani mtu huru, asiye mtumwa. Hadhi ya kuzaliwa nayo tukaigeuza ikawa jina la tabia njema. Neno ustaarabu nalo limetoka kwenye Kiarabu, na ndani yake mna kuwa kama Mwarabu. Hata methali tunayowafunza watoto ili wapende kwao, mkataa kwao mtumwa, inamsingizia mtumwa. Yeye hakukataa kwao hata siku moja. Alinyang'anywa.

Nikienda kazini hupita Kengeleni kila siku. Abiria wengi hulitaja jina hilo kwa utingo bila kufikiri kwamba kengele yenyewe ilikuwa ya Frere Town, kijiji walichojengewa na wamishonari watu waliokombolewa utumwani, miaka ya 1870, baada ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa mwaka 1873. Ilipigwa kuwaonya watu hatari inapokuja. Na huku mwambao wa Kenya utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1907. Ni juzi tu. Kuna wazee wa Mombasa ambao bibi zao walizaliwa kabla ya mwaka huo. Mkoloni naye aliikuta ngazi imeshasimama, akaongeza vidato vyake: Mzungu juu, Mhindi na Mwarabu katikati, Mwafrika chini, na kipande, yaani kitambulisho cha kazi, kikaning'inizwa shingoni mwa mwanamume Mwafrika. Watu wa mamangu aliwaandika kwenye vitabu vyake kwa jina la Wanyika. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Basi mtoto wangu hakulizua lile neno. Alilikuta nyumbani, na mwenye kuliacha hapo ni mimi. Nimelelewa kwa babangu, Mji wa Kale, penye kusifiwa nywele za singa na kuchekwa nywele za kipilipili, na mtoto akizaliwa la kwanza kuulizwa ni ametoka mweupe au mweusi. Nimecheka vichekesho vya Wagiriama huku mamangu yuko jikoni anasikia. Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku ile sikumpiga mwanangu wala sikumfokea mbele ya mgeni. Nilimwambia achukue kitambaa kingine, apige magoti pale pale, wafute pamoja. Walipomaliza nikamwambia amuombe radhi, na asiseme "samahani" peke yake, ataje na kosa. Akasema, "Babu, nisamehe, nimekuita mshenzi." Mzee akamshika kichwa, akasema yameisha. Jioni ndipo nilipomweleza neno lile lilimaanisha nini, na kwamba bibi yake alikuwa akisikiliza. Akanyamaza muda mrefu. Mzazi mwenzangu, usilipitishe neno hilo kwa kusema ni utoto. Mtoto aambiwe siku hiyo hiyo, na aambiwe historia yake, kwa sababu "usiseme hivyo, ni vibaya" haimfundishi ila kusema kwa siri.

Nyumbani ndiko rahisi. Nje ni kazi.

Miaka kadhaa nyuma nilitafuta nyumba ya kupanga kisiwani. Kwenye simu mambo yalikuwa mazuri: Kimvita changu, yaani Kiswahili cha Mombasa, na jina la ukoo wa babangu vilimpendeza mwenye nyumba, akaniita "mwanangu", akaniambia nije hata sasa. Nilipofika alifungua mlango nusu, akanitazama uso, akasema nyumba imepata mtu. Nilikuwa na pesa za miezi mitatu mkobani. Baada ya alasiri binti wa ami yangu, aliyechukua weupe wa bibi yetu mzaa baba, alipiga simu, akaambiwa nyumba ipo, aje aione. Mimi nililia ndani ya tuktuk nikarudi kwetu. Sikusema kitu, sikuandika kitu, na lile jambo likabaki kuwa hisia zangu tu dhidi ya neno lake.

Mara ya pili nilikuwa nimejifunza. Dalali wa nyumba nyingine aliniambia waziwazi kwamba mwenyewe anataka Mwarabu au Mhindi, "watu wa aina yako hapana." Moyo ulinidunda, lakini nilimuuliza kwa upole: "Nieleze vizuri, aina yangu ni ipi?" Muulize mbaguzi sababu, tena umuache aiseme mpaka mwisho. Dalali alibabaika. Nilipoachana naye nilisimama kivulini nikaandika kwenye simu tarehe, saa, mahali na maneno yake kama alivyoyasema. Kisha nikamtumia ujumbe: "Leo saa kumi umeniambia nyumba hii hapewi mtu wa aina yangu. Nimekuelewa sawasawa?" Akajibu: "Dada usinilaumu mimi, ni maneno ya mwenye nyumba." Ujumbe ule ndio uliokuwa ushahidi wangu.

Niliupeleka kwa msaidizi wa kisheria mtaani kwetu, akamwandikia mwenye nyumba barua. Nyumba sikupata. Nilipata radhi ya maandishi, na nilipata usingizi, kitu ambacho mara ya kwanza nilikikosa wiki nzima.

Sheria ipo, na wengi hatuijui. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza kubagua kwa rangi, kabila, asili ya jamii, dini, hata mavazi na lugha, na kinamkataza mtu binafsi vilevile kama kinavyoikataza serikali. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inagusa ajira na mali, na inapotaja misingi ya kikabila inaitia na rangi ya ngozi. Kwa wafanyakazi iko Sheria ya Uajiri ya 2007, kifungu cha 5: ukishitaki kwamba umebaguliwa kazini, mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kuwa hakukubagua. Lijue hilo kabla hujakata tamaa kwa kuona yeye ana wakili na wewe huna. Malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) au Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu. Nenda na maandishi. Machozi peke yake hayafunguliwi faili.

Nataka niseme na jambo ambalo baadhi ya wenzangu weusi hawapendi kulisikia. Jirani yangu babu yake babu alitoka Hadhramaut, Yemen. Kijana wake alipokwenda kuomba kitambulisho aliambiwa alete vyeti vya babu na bibi, akapigwa maswali ambayo mwanangu hataulizwa kamwe, na kwenye foleni mtu akamwambia arudi kwao Yemen. Kijana ambaye kwao ni Kuze, Mji wa Kale! Wako waliocheka pale, na waliocheka walikuwa na rangi yangu. Kama nilistahili nyumba ile, naye anastahili kile kitambulisho, na siwezi kudai langu huku nalifumbia macho lake. Aliporudi mara nyingine nilikwenda naye, nikakaa karibu, nikawa naandika kila anachoulizwa na anayemuuliza. Mtu akiona kalamu hubadilisha sauti. Wamakonde wa Kwale, watu wenye asili ya Msumbiji, walitufundisha kukaa pamoja hivyo: mwaka 2016 waliondoka kwa miguu kwenda Nairobi kudai uraia, baada ya kuishi nchini vizazi kadhaa bila vitambulisho, na mwaka uliofuata wakaanza kuvipokea.

Palipobaki pagumu kwangu ni harusini. Wanawake wamekaa, bi harusi analetwa, na mmoja anasema kwa sauti ya chini, "Mzuri, ila mweusi." Zamani nilitabasamu ili nisiharibu shughuli. Siku hizi simtazami kwa ukali wala simhutubii. Nasema tu, kwa sauti ile ile yake, "Ila ya nini, shoga?" Mara nyingi hakuna jibu, na anayekaa upande wa pili hunishika mkono.

Mzee wa maji bado anatuletea. Mamangu sasa hutoka hadi mlangoni, wakazungumza Kigiriama mpaka mitungi yote inaisha kuingia. Mwanangu aliniuliza mbona hajawahi kumsikia bibi akiisema lugha hiyo ndani. Nikamwambia akamuulize mwenyewe. Mama alimjibu kwamba alipoolewa Mji wa Kale, wifi yake mmoja alimwambia lugha ile isiingie jikoni, na yeye hakuiingiza tena, miaka 38. Sasa anamfundisha kuhesabu. Wamefika ishirini.