Maswali na majibu: bwawa jipya la koi (samaki wa mapambo)

*Nimemaliza bwawa la lita 6,000 hapa Arusha. Maji yametakata mpaka sakafu inaonekana. Niweke koi kumi wikiendi hii?*

Hapana ndugu yangu, subiri. Amonia ni sumu isiyoonekana kwa macho. Samaki huitoa kwenye matamvua, na chakula kinachooza chini huiongeza. Wanaoiondoa ni bakteria wanaojishikiza ndani ya chujio: kundi moja huigeuza kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu, na jingine huigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia na wewe huipunguza kwa kubadilisha maji. Hawa huzaliana taratibu. Chujio jipya huchukua kama wiki nne hadi nane kukomaa, na kundi la pili ndilo huchelewa. Ndiyo maana wengi hufurahi amonia ikishuka, kumbe naitriti ndiyo kwanza inapanda.

Anza na koi wawili wadogo, lisha kidogo, pima amonia na naitriti kila baada ya siku mbili. Kipimo cha vyote viwili kikikaa sifuri wiki nzima huku unalisha, ongeza wengine wawili. Na kumi ni wengi mno kwa bwawa hilo. Koi mkubwa hufika sentimita 60, mimi humhesabia kila mmoja lita 1,000.

*Hakuna njia ya mkato?*

Ipo moja ninayoiamini. Omba sponji au mawe kutoka kwenye chujio la jirani ambalo limeshakomaa, yabebe yakiwa yameloa, uyaweke kwenye lako siku hiyohiyo. Hakikisha tu samaki wake ni wazima, maana vimelea navyo husafiri. Bakteria wa chupa siwategemei; wengine hufika dukani wameshakufa.

*Niliosha chujio kwa maji ya bomba likang'aa. Siku ya tatu koi wote wako juu wanahema.*

Pole sana dada. Yaelekea klorini iliua bakteria wako. Pima sasa hivi, na uangalie matamvua: yakiwa ya kahawia badala ya mekundu, shuku naitriti, kwani huzuia damu kubeba oksijeni. Acha kulisha. Badilisha theluthi ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini, ongeza pampu ya hewa. Kama ni naitriti, yeyusha kwenye ndoo chumvi isiyotiwa madini joto, kilo moja kwa kila lita 1,000, umimine polepole. Kloridi yake huzuia naitriti kuingia kupitia matamvua. Rudia kupima kila siku.

Safari ijayo suuza kwenye ndoo ya maji ya bwawa lenyewe, nusu ya chujio leo, nusu nyingine baada ya wiki mbili. Uchafu mwepesi uache.

*Umeme ukikatika usiku kucha?*

Bakteria nao wanahitaji oksijeni, na ndani ya chujio lililofungwa huanza kufa baada ya saa chache. Umeme ukirudi, mwaga kwanza maji yaliyolala humo, kisha ndipo uwashe pampu.