Mayai ya nguruwe kwenye baridi: maswali yenu

Niliposema kwamba siku hizi mayai ya nguruwe jike yanagandishwa ili yaje kuzalisha baadaye, meseji zimemiminika, nyingi za wafugaji wa hapa hapa Dar. Na jamani tuelewane, ni yai la uzazi lile la tumboni, dogo kama nukta, robo ya milimita halifiki.

Shikamoo mwalimu, nina jike langu huku Chanika, linazaa vizuri sana ila limezeeka. Mayai yake naweza kuyaweka kwenye friza langu la samaki?

Marahaba mwanangu. Haiwezekani. Friza la nyumbani linafika nyuzi 18 au 20 hivi chini ya sifuri na linagandisha polepole, maji ya ndani ya yai yanageuka vipande vya barafu vyenye ncha, vinalichana, ukiyeyusha umebaki na mzoga. Maabara wanatumia naitrojeni ya maji (gesi iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika), nyuzi 196 chini ya sifuri, na hata hiyo hawalitumbukizi hivihivi. Kwanza linaloweshwa kwenye dawa ya kuvuta maji, mara nyingi sukari na ethilini glaikoli (ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye kulanti nyingi za magari), halafu linawekwa na katone kadogo mno juu ya kijiti chembamba cha plastiki, chap ndani ya naitrojeni. Baridi inaingia kwa kasi mpaka maji yanakosa muda wa kuwa barafu, yanakuwa kama kioo. Dawa yenyewe ni sumu, kwa hiyo mwenye mkono mzito hiyo kazi haimfai.

Mbona ng'ombe wameshaweza zamani? Nguruwe ana shida gani? (Mwanafunzi, Kimara)

Mafuta, mdogo wangu. Ndama wa kutoka kiinitete (yai lililokwisha kurutubishwa na kuanza kukua) kilichogandishwa alizaliwa Uingereza tangu 1973. Yai la nguruwe ukiliweka kwenye hadubini unaliona jeusi, limejaa vitone vya mafuta, na likishuka chini ya nyuzi 15 hivi linaanza kuharibika hata barafu haijafika. Mtafiti Nagashima na wenzake mwaka 1995 walionyesha ujanja mmoja kwenye viinitete: unavizungusha kwenye mashine hadi mafuta yanakimbilia upande mmoja, unayanyonya kwa sindano nyembamba kuliko unywele, ndipo unagandisha. Watoto walizaliwa. Ila fikiria kumfanyia kila yai hivyo, aisee!

Wanampasua nguruwe akiwa mzima?

Hapana, mengi yanatoka machinjioni. Akishachinjwa wanachukua ovari, wanaziweka kwenye maji ya chumvi yenye uvuguvugu, wananyonya vile vimalengelenge vyenye mayai ndani, vya milimita 3 hadi 6, kwa bomba la sindano. Yai linakuwa bado bichi, yaani halijakomaa, linalelewa kwenye joto la nyuzi 39 hivi kwa saa 42 hadi 44 ndio likubali mbegu.

Kuna nguruwe aliyewahi kuzaliwa kwa njia hii au ni stori tu?

Wapo. Mtafiti Somfai na wenzake, Japani, mwaka 2014, waligandisha mayai yakiwa bado mabichi, wakayeyusha, wakayakomaza, wakayarutubisha, wakapandikiza na watoto wakapatikana. Lakini mayai mengi yanafia njiani, na hapo ndipo watafiti wanapohangaika mpaka leo.

Kitimoto chake kina madhara?

Hakina. Kilichogandishwa ni yai la mama yake, nguruwe mwenyewe kakulia bandani kama wengine.

Sasa sisi wa Kigamboni tunafaidika nini?

Kwa sasa, ukweli, kidogo sana. Faida ni ya benki ya mbegu za asili, yaani hifadhi ya koo za nguruwe zisipotee: homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, ikiingia bandani inafagia, na ukiwa umehifadhi mbegu za dume tu umeokoa nusu ya ukoo, upande wa mama umekwenda. Hiyo ni kazi ya serikali na vyuo, asije mtu akakuuzia huduma ya kugandisha mayai mtaani, huyo mfukuze.

Wewe shughulika na uhimilishaji (kumpandikiza jike mbegu kwa mrija) wa mbegu za dume zisizogandishwa. Nazo zinachukia baridi vilevile, zinatunzwa nyuzi 17 hivi, siku tatu hadi tano kutegemea dawa iliyochanganywa. Zikija, ziweke kwenye deli, barafu ifungwe na taulo isiguse chupa, na mama watoto aambiwe mapema asije akazihamishia kwenye friji kwa nia njema, maana nyuzi 4 za friji zinaziua.