Kama unarudi nyumbani nyuma ya miaka mingi, uliza kwanza kitanda chako kiko wapi

Nilikaa Johannesburg miaka 9, toka 2013 mpaka 2022, pale Yeoville, chumba kimoja tunagawana watu watatu na pazia katikati. Sasa hivi wadogo zangu wengi walioko Sauzi wananiandikia juu ya kurudi kwetu Lubumbashi, Kongo, wanauliza basi, mizigo, mupaka. Hayo nitayagusa, lakini kile minataka kweli musikie ni hiki: mbele ya kukata tiketi, pigia watu wa nyumbani simu, uliza nini imebadilika, chumba kwa chumba, mutu kwa mutu. Mi sikuuliza.

Nilifika mwezi wa 11, mvua imeanza, maembe yamejaa barabarani. Basi ilitoka Park Station, tukavuka Limpopo pale Beitbridge, Zimbabwe, Zambia, karibu siku tatu, miguu imevimba mpaka viatu vinakataa. Toka Kasumbalesa mpaka mjini ni kilometa karibu 90, na nilipoona lile bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya shaba, na ule mulima mweusi pembeni yake nililia kama mutoto, sioni haya kusema. Mu kichwa changu nilikuwa tayari nimelala ku kitanda changu.

Mama alinipokea na bukari (ugali), sombe (kisamvu) na samaki tomsoni, majirani wakajaa ku lupango, uwanja wetu. Kisha nikafungua mulango wa chumba changu. Hakuna kitanda. Pale kilipokuwa kuna kongelateri (friza) kubwa nyeupe, imepigwa kufuli, juu yake mizani na mifuko ya plastiki, chumba kizima kinanuka samaki. Nikauliza na sauti isiyo nzuri: mama, na miye nitalala wapi? Alinyamaza kidogo, akajipangusa mikono ku kikwembe, akasema: "Baba, kitanda niliuzishaka. Ule mwaka haukukuwa unatuma, hii njo ililipaka masomo ya leki yako", yaani mudogo wangu.

Ule mwaka ni 2020. Afrika Kusini ilifunga kila kitu usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 mwezi wa 3, na miye kazi yangu ni kunyoa, saluni ikafungwa, miezi mingi sikutuma hata randi moja. Nilikuwa napiga simu nasema musijali niko sawa, nao wananijibu huku yote muzuri, kila upande unaficha ili mwingine asiumie. Shule ya musingi ilikuwa bure toka 2019, lakini leki yangu alikuwa sekondari, huko unalipa tu.

Usiku ule nililala ku mukeka sebuleni. Saa tisa nikasikia mama anaamka, kuran (umeme) imerudi. Anatembea pole pole na toshi, anafungua kufuli, anagusa samaki moja moja kama vile unagusa mutoto mwenye homa, zile zimeanza kulegea anaziweka kando azikaange asubuhi. Miaka miwili alikuwa anafanya vile na mi sikujua kitu. Sikupata usingizi tena.

Kwa hiyo uliza. Nani analala wapi, nani anaumwa, deni gani iko, nani alikufa na hawakukuambia (siku ya pili nilimuulizia mujomba, wote wakatazama chini). Na weye pia sema ukweli wako. Kama unarudi na dolari 600 sema ni 600, juu ukishuka na valizi tatu kila mutu atafikiri mule ndani kuna fungu lake, na hapo njo maneno yanaanza.

Franga: geuza randi zako kuwa dolari mbele ya kufika mupaka na uangalie noti moja moja, huku noti yenye kupasuka hata kidogo hakuna anayeipokea. Na zile hesabu ulipiga na bei za zamani, zitupe. Nilipotoka dolari moja ilikuwa franga 900 na kitu, nikakuta karibu 2,000, hata jimbo la Katanga nililoacha lilikuwa limekatwa vipande vine toka 2015. Mi nilitaka kufungua saluni wiki ya kwanza mu komini ya Kenya, mutaa wa hapa Lubumbashi, yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, akaniambia kaa kwanza miezi mitatu, tembea, tazama. Nilikasirika sana, lakini nilikaa, nikauza samaki na mama, na nikaona ile barabara niliyotaka ilikuwa tayari na saluni sita.

Kule unakotoka pia maliza vizuri. Nilikuwa mu likelemba (muchezo wa kuchanga franga, kila mutu anapokea kwa zamu) ya watu 10, zamu yangu nilikuwa nimeishakula, nikabaki miezi miwili mpaka wa mwisho apate yake. Kuna wanaopanda basi kimya kimya, na hii inaniuma, juu wale watu wa Yeoville njo walinibeba hospitali nilipougua mapafu, ndugu zangu wakiwa mbali. Pita mulango kwa mulango uwaage. Na vyeti vyako vyote, vya kazi na vya shule, beba mwenyewe mukononi, kuvifuata ukiwa huku ni mateso.

Kongelateri ingali mu kile chumba. Miye nalala sebuleni, na saa tisa kuran ikirudi ni miye naamka. Mama ananisikia tu, anauliza toka kitandani kwake: "Zimelegea?" Namujibu: "Bado mama, lala."