Nipe kolgeti ya Whitedent

Mbukwenyi wahariri. Wiki hii mmeuliza kampuni inapata nini jina la bidhaa yake likishakuwa neno la kila mtu. Mi nina kaduka huku Nkuhungu, Dodoma, jibu langu ni kwamba angalieni anayelitaja jina ndo anayetoa hela ya kuinunua hiyo bidhaa au la, hapo ndo tofauti ilipo.

Mtoto katumwa na mama yake, anafika dirishani shikamoo nipe kolgeti ndogo, namuuliza ipi ananishangaa, si kolgeti tu. Nampa Whitedent anaondoka nayo na hakuna mama aliyewahi kuirudisha, na watu wazima ndo kabisa, anakwambia bila hata kucheka nipe kolgeti ya Whitedent. Sasa Colgate ni ya Wamarekani, Whitedent inatengenezwa Dar, yaani jina kalitangaza mmoja hela kachukua mwingine. Omo hivyo hivyo, mtu anataka omo nampimia Foma na maisha yanaendelea. Na kinachonichekesha ni kwamba mteja akishasema kolgeti anakuwa ameniachia mimi nichague, na mi nachagua ile yenye faida, hapo sidanganyi. Angekuwa anasema nipe dawa ya meno angalau nikimuuliza anataka ya nani asingenishangaa.

Kiwi ndo usiseme. Tangu serikali ihamie huku wapiga kiwi mjini hawakosi kazi, vumbi letu mnalijua, mtumishi anatoka kwake anang'aa akifika Nyerere Square viatu vimekuwa rangi ya udongo. Anakaa kwenye stuli anaweka mguu, kijana anachovya mswaki kwenye kopo lililopauka na mara nyingi hilo kopo limeandikwa jina jingine kabisa au maandishi yalishafutika, nani anaangalia? Kapigwa kiwi, kalipa, kaondoka. Kampuni iliyoanza kutengeneza Kiwi kule Australia mwaka 1906 haimo hata kidogo kwenye hiyo hela.

Ila bajaji mi naona ni tofauti. Abiria anaita bajaji hata kama ni TVS, hata kama ni Piaggio, lakini abiria hana mpango wa kununua, yeye anataka kufika Sabasaba basi. Nenda kwa anayetaka kununua sasa, huyo anauliza spea zinapatikana wapi, fundi anaijua, ukichoka nayo unauza bei gani, na kijiweni kwao madereva wenyewe wanakwambia hii TVS ile RE ya Bajaj. Kwa hiyo Bajaj wa India hajaibiwa kitu na sisi abiria.

Kuna watu watawaambia jina likishakuwa neno huo ni ushindi. Waulizeni Thermos. Miaka ya mwanzo wenyewe walikuwa wanajisifia kwamba jina lao limeingia kila nyumba, baadae wakamshtaki mshindani wao, mwaka 1963 mahakama ya rufaa Marekani ikasema thermos kwa herufi ndogo ni neno la watu wote, ndo hizi themosi za chai ambazo kila mtu anatengeneza. Bayer nae, kampuni ya dawa ya Ujerumani, jina la aspirin lilimponyoka Marekani mwaka 1921, ingawa Ujerumani na Kanada bado ni jina lake.

Huku kwetu wala haifiki mahakamani. Jina unasajili BRELA, wale wakala wa serikali wa kusajili biashara, na mtu akibandika Colgate kwenye dawa yake unaye, lakini Whitedent hajabandika jina la mtu, kaandika lake vizuri tu kwenye boksi, anayesema kolgeti ni mteja, utamshtaki mteja? Au utamshtaki yule mtoto?

Halafu wanakuja watu wa promosheni, sitaji wa kampuni gani, wanataka kunipakia rangi ukuta wa duka bure na nembo yao kubwa, wanasema hii itasaidia jina lijulikane. Lijulikane mara ngapi jamani, si ndo hilo watoto wanalitaja kutwa? Rangi nimepokea maana ukuta ulikuwa umechakaa, ila hapo chini ya hiyo nembo nitauza mzigo wa yule anayeniachia katoni nimlipe wiki ijayo, na wao huo mkopo hawatoi.