Lori likizima njiani na kukataa kuwaka, usikimbilie pompi

Simu ninazopigiwa kutoka barabara ya Likasi nyingi zinaanza na hukumu: "Fundi, pompi imekufa." Lori limezima na mzigo mgongoni, demareri (starta) inazunguka vizuri, motere (injini) haishiki. Aliyesimama kusaidia ametamka neno pompi, na patro, mwenye lori, huku Lubumbashi ameshaanza kukopa. Inaniuma, maana pompi ya presha, ile inayosukumia enjekteri mazutu, ni kati ya vipande vya bei kali kuliko vyote kwenye motere hizi za mazutu (dizeli) zenye kompyuta, na mara nyingi inabadilishwa, kisha lori linazima tena kwenye mlima uleule.

Kabla ya kushika spana, shofere ajibu maswali mawili. Motere ilizima namna gani? Na ukipiga demareri, mshale wa mizunguko kwenye dashibodi unasogea?

Ikiwa ilikata ghafla, kama vile mtu amegeuza ufunguo, anza na umeme. Ikiwa ilipoteza nguvu kwanza, ikashtuka-shtuka, ikakohoa ndipo ikafa, anza na mazutu. Kuna siku dalili hizi zinachanganyika, lakini zinakuelekeza upande wa kuanzia, na hilo peke yake linaokoa pesa.

Mshale wa mizunguko unasema zaidi. Kwa kawaida kompyuta haifungui enjekteri (vipande vinavyopuliza mazutu ndani ya motere) hata moja mpaka ijue krenki, mhimili mkuu wa motere, iko wapi, na habari hiyo mara nyingi inaipata kwa kapteri (sensa) ndogo iliyokaa karibu na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya motere. Ndani ya kapteri za aina ya nyaya mbili kuna waya mwembamba uliosokotwa. Waya huo ukichoka, joto likipanda unaachana, motere inakata. Ukipoa unagusana tena, lori linawaka kana kwamba halikuwa na shida yoyote. Ndiyo maana shofere anasema, "Ilipumzika kidogo, ikawaka." Kwenye malori mengi, kapteri hiyo ikifa mshale unabaki sifuri wakati demareri inazunguka. Funika kapteri kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, subiri, jaribu tena. Ikiwaka, umemshika mwizi. Mwenye mita apime ukinzani kapteri ikiwa bado na moto: ya nyaya mbili ikionyesha kwamba njia imekatika, imekwisha. Ya nyaya tatu usiipime hivyo, mara nyingi ni aina nyingine. Fuata pia waya wake mpaka mwisho, maana mara nyingine kapteri ni nzima na waya ndio umesuguliwa na chuma.

Upande wa umeme malizia na haya. Ufunguo ukiwashwa, taa ya motere lazima ionekane. Isipoonekana kabisa, huenda kompyuta haipati umeme, basi tazama fyuzi na rilei (swichi ndogo za umeme). Kwenye lori la volti 24, pima batri wakati demareri inazunguka: ikishuka chini ya 18 hivi, kompyuta inaweza kulala ingawa demareri bado inasukuma. Na usisahau waya mnene wa mase (ethi) kati ya motere na chesisi.

Upande wa mazutu, fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia linavuta hewa kwa nguvu, tundu lake la kupumulia limeziba; vumbi letu jekundu linatosha kufanya hivyo. Toa maji chini ya filtri, hasa kama ulijaza mazutu ya bidoni (madumu). Piga pompi ya mkono: isipokuwa ngumu hata ukiipiga muda mrefu, huenda kuna hewa inaingia mahali. Weka kipande cha tiyo (bomba dogo) inayoonyesha ndani kabla ya pompi ya presha, utaona mapovu kwa macho yako.

Hapo kote pakiwa pazuri, ndipo tuongee presha. Mifumo mingi ya bomba la pamoja, yaani bomba moja linalogawia enjekteri zote mazutu, inataka kama bari 200 hadi 300 wakati wa kuwasha, na ikifanya kazi inaweza kupita 1,600. Enjekteri moja iliyochakaa ikirudisha mazutu mengi tankini, presha hiyo haifikiwi, hasa mazutu yakiwa ya moto na mepesi, na pompi nzima inalaumiwa bure. Tenganisha tiyo za kurudishia, kila moja iingie kwenye chupa yake, chupa ziwe sawa, kisha piga demareri. Chupa inayojaa haraka kuliko wenzake inakuonyesha enjekteri ya kutengeneza. Kipimo hiki hakihitaji mashine yoyote, na sielewi kwa nini magaraji mengi hayakifanyi.

Ndugu zangu mliojifunzia motere za zamani, nawasihi: msilegeze nati za tiyo za presha huku mwenzenu anapiga demareri ili kutoa hewa. Mazutu ya presha ile yanapenya ngozi na kuingia ndani ya nyama. Kidonda kinaonekana kidogo kama cha sindano na kinaweza kumpotezea mtu kidole au mkono. Jambo hilo likitokea, nenda hospitali saa ileile na useme wazi kwamba ni mazutu yaliyoingia kwa presha. Na spreyi ya kuwashia usiipulize kwenye motere yenye mishumaa ya joto au kipasha hewa (vinavyopasha motere moto kabla ya kuwaka), inaweza kulipuka usoni.

Pompi kweli hufa. Ushahidi wake mkubwa ni unga wa chuma unaong'aa ndani ya filtri au tankini. Ukiuona, pompi mpya peke yake haitadumu: tanki lioshwe, tiyo na bomba la pamoja visafishwe au vibadilishwe, enjekteri zipimwe zote. Na kabla hujatoa dola, mwambie fundi akate filtri ya zamani mbele yako mtazame pamoja kilichomo.