Boliti za "Wichita" zisizo na cheti

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi msaidizi kwenye karakana ya ndege ndogo hapa Arusha. Kuna mtu anatuletea boliti kutoka Dubai kwa nusu ya bei. Anasema ni mabaki ya kiwanda cha Spirit AeroSystems cha Wichita, Marekani, wale wa viwiliwili vya Boeing. Alama za kichwani ni zilezile za kwenye kitabu cha vipuri, na nimezipima kwa venia zikakubali. Cheti hazina, ila anasema "kitapatikana." Bosi anauliza tatizo liko wapi, maana Spirit wenyewe waliletewa titani, ile metali ya kutengenezea ndege, yenye vyeti feki na ndege zinaruka hadi leo. Nimjibu nini?

JIBU: Marahaba. Swali hili hunifikia kila mara, leo pampu, kesho betri, keshokutwa tairi, na halikosi hilo neno "kitapatikana." Cheti cha kipuri hakitafutwi baadaye kama stika ya bima. Kinatoka kiwandani pamoja na kipuri chenyewe. Kinachoweza kupatikana baada ya wiki mbili ni kazi ya mtu mwenye printa nzuri.

Huyo muuzaji nisimpotezee muda. Spirit haikuwa duka la boliti. Kazi yao kubwa ilikuwa viwiliwili vya Boeing 737, vinavyopakiwa kwenye treni kutoka Wichita, Kansas, hadi Renton, jimbo la Washington. Kiwanda kilikuwa cha Boeing, kikauzwa mwaka 2005 ndipo jina la Spirit likazaliwa, na mwishoni mwa 2025 Boeing ikakirudisha mikononi mwake. Kama ndege zenu ni Cessna, nazo zina asili ya Wichita, lakini ni za Textron, kampuni nyingine kabisa. Jamaa anajua jina la mji huo linavyomlainisha fundi wa Cessna, basi.

Anayenisumbua zaidi ni bosi wako, kwa sababu wako wengi. Anaamini namba zikifanana na vipimo vikikubali, kilichobaki ni urasimu. Alama ya kichwani inakuambia boliti inadai kuwa nini. Venia inakupa unene na urefu. Jinsi chuma kilivyopashwa moto na kupozwa, huwezi kujua kwa jicho wala kwa venia.

Chukua zile boliti za chuma kigumu sana zinazopakwa kadimiamu zisishike kutu. Wakati wa kupakwa, haidrojeni hupenya ndani ya chuma na kukifanya kivunjike kirahisi. Kiwanda makini huzioka kwenye tanuri, nyuzi 190 hivi za Selsiasi, karibu siku nzima, ili haidrojeni itoke. Asiyezioka anaokoa umeme na muda. Boliti yake itang'aa vilevile, itakubali venia, itakaza hadi kipimo kilichoandikwa, nawe utasaini uende nyumbani kulala. Kisha usiku, ndege imeegeshwa, hakuna aliyeigusa, kichwa kinakatika. Hapo mshukuru Mungu imekatikia chini.

Mwaka 1989 ndege ya Partnair aina ya Convair ilianguka baharini karibu na Denmark ikiwa na watu 55, hakupona hata mmoja. Wachunguzi walikuta boliti zilizoshika mkia wa wima si halali na nguvu zake ni pungufu. Kwa macho zilikuwa boliti kama boliti nyingine.

Sasa hiyo hoja ya titani. Ni kweli, mwaka 2024 ilijulikana kuwa titani yenye karatasi za kughushi ilipenya hadi kwa Spirit. Lakini bosi wako amesoma kichwa cha habari akaishia hapo. Kilichoanza kuleta shaka ni vitundu vidogo vya kutu vilivyoonekana kwenye chuma hicho, ndipo watu wakarudi kwenye karatasi na kuzifuata nyuma, muuzaji kwa muuzaji. Spirit walikitenga, wakasema wamefanya majaribio zaidi ya 1,000 kuthibitisha ubora wake. Karatasi ilidanganya, na ni mnyororo wa karatasi uleule uliowaonyesha pa kutafuta. Zenu zikianza kupasuka mtafuata nini, namba ya simu ya Dubai? Na hayo majaribio 1,000 mtayafanyia wapi, kwenye jiko la mama ntilie wa getini?

Kuna habari nyingine nasikia ikisimuliwa vibaya hadi na watu wenye leseni. Tarehe 5 Januari 2024, kizibo cha mlango, kipande kinachoziba tundu la mlango usiotumika, kilichomoka kwenye 737 MAX 9 ya Alaska Airlines ikipanda kutoka Portland, na mafundi wa mtandaoni wakatangaza kwamba ni boliti feki. Hazikuwa feki. Hazikuwepo! Kiwiliwili kilifika Renton kutoka Wichita kikiwa na riveti mbovu karibu na kizibo hicho. Ili zirekebishwe, kizibo kikafunguliwa, boliti nne zikatolewa. Ufunguaji huo haukuandikwa popote. Kwa kuwa haukuandikwa, hakuna mkaguzi aliyeitwa kutazama kama kimefungwa sawasawa, na ndege ikakabidhiwa ikaruka na abiria kwa wiki kadhaa. Hakuna aliyekufa, lakini ilibaki kidogo tu. Mstari mmoja kwenye daftari ungetosha. Huo ndio urasimu anaousema bosi.

Na kama anadhani Wamarekani wenye fedha zao wana uchungu wa kutupa mali, mwambie habari ya Montana. Julai 2014 treni iliyobeba viwiliwili sita vya 737 kutoka Wichita iliacha reli. Vitatu viliteleza hadi mtoni Clark Fork, vitatu vikabaki juu. Boeing iliamua kuvichanachana vyote sita, hata vile visivyogusa maji.

Ninyi mnaouza vipuri kwenye makundi ya WhatsApp kwa picha na maneno "orijino kabisa", nanyi mnaonunua kwa sababu ndege imesimama na watalii wanasubiri Serengeti, nawaelewa njaa yenu. Ndege ikisimama inakula hela. Lakini hiyo haraka ndiyo soko lao hasa. Hawaendi kwa mwenye stoo iliyojaa na mkaguzi mkali. Wanakuja kwa aliyekwama Ijumaa jioni. Agiza mapema boliti zinazoisha mara kwa mara, kwa msambazaji anayetoa hati ya mtengenezaji inayolingana na namba ya kundi iliyo kwenye mfuko, na mfuko ukifunguliwa, namba hiyo ibaki nazo hadi boliti ya mwisho.

Zile za sampuli alizokuachia usimrudishie, atampelekea mwingine. Wala usizitupe kwenye pipa: niliwahi kutupa boliti zilizokataliwa, na baada ya miezi zikanirudia mezani ndani ya mfuko mpya. Zifunge lebo nyekundu, zifungie kabatini, toa taarifa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Wakishamaliza nazo, omba zikatwe kwa msumeno wa chuma, nawe uwepo.